Dawa Moja, Kazi Mbili: Historia ya Majina ya Endometriosi na ya Tiba Yake

UTANGULIZI

Mwamapalala ni kata ya wakulima wa pamba na wafugaji katika nchi ya Wasukuma, mashariki ya Ziwa Viktoria. Zamani ilihesabiwa katika Wilaya ya Bariadi, Mkoa wa Shinyanga. Siku hizi imo katika Wilaya ya Itilima, Mkoa wa Simiyu, ambao uliundwa mwaka 2012. Huko ndiko alikoolewa mama yangu mdogo, na huko ndiko yalikoanzia mawazo ya makala haya.

Mama mdogo alikuwa akiumwa tumbo la chini kila alipoingia mwezini, tangu usichana wake. Hayakuwa maumivu ya kupita. Alishindwa kusimama, alitapika, na baada ya miaka kadhaa maumivu yakaanza kumjia hata siku ambazo hakuwa mwezini. Alitibiwa minyoo. Alitibiwa mkojo. Alitibiwa magonjwa ya zinaa mara tatu, na mara zote tatu aliagizwa arudi pamoja na mumewe, jambo ambalo lilileta maneno nyumbani. Hatimaye tabibu mmoja alimpa vidonge vya homoni, akamwambia avimeze kila siku bila kukosa. Ikapita miezi minne, naye akawa mtu mzima tena: alilima, alikwenda mnadani, alilala usiku kucha. Mwezi wa tano mtoto mmoja wa shule aliiokota pakiti ya dawa, akaisoma kwa sauti mbele ya watu kama watoto wasomavyo kila wakionacho. Pakiti ilisema kwamba vidonge vile ni vya uzazi wa mpango. Mume wake, ambaye ukoo wake ulitoa ng'ombe kwa ajili ya ndoa ile na ambaye alikuwa akingoja mtoto wa pili, hakuuliza zaidi. Vidonge vilitupwa chooni, na maumivu yakarudi.

Yupo atakayesema kwamba kosa lilikuwa la mume, na yupo atakayesema kwamba lilikuwa la tabibu ambaye hakueleza ya kutosha. Mwandishi wa makala haya, ambaye kazi yake ni istilahi, anaona kosa la tatu linalomhusu yeye mwenyewe. Lugha yetu ilikuwa na jina moja tu la dawa ile, na jina hilo lilitaja kazi moja tu kati ya kazi zake mbili. Makala haya yanakusudia kueleza historia ya majina ya ugonjwa huu na ya tiba yake, hapa kwetu na ulimwenguni, na kuonyesha kwamba katika historia hiyo jina halikuwa pambo: mara nyingi ndilo lililoamua nani atibiwe, na nani aambiwe avumilie.

MAJINA YA WAZEE

Hapana budi tuanze na yale tuliyokuwa nayo. Kiswahili hakikuwa bubu juu ya maumivu ya wanawake. Watu wa pwani wanalo neno chango, ambalo kwa asili lahusu matumbo na minyoo yake, na ambalo limepanuka hadi kutaja maumivu ya tumbo la chini yanayohusiana na hedhi na uzazi. Husemwa chango la uzazi, chango la hedhi, chango la kike. Neno hili limesafiri na waganga na wauza dawa hadi bara, na leo husikika katika minada ya Usukumani kama lisikikavyo Tanga au Unguja. Wasukuma nao wanalo neno nzoka. Maana yake ya kwanza ni nyoka, lakini hutajwa pia kwa kitu kinachojisokota tumboni na kuleta maumivu, na huhesabiwa miongoni mwa sababu za mwanamke kutopata mtoto.

Msomaji ataona kwamba watu wa pwani na watu wa ziwani wamechukua mfano mmoja: kitu kirefu, chenye uhai, kinachokaa ndani na kuamka kwa wakati wake. Yeyote aliyemwuliza mgonjwa namna anavyoumwa atakubali kwamba mfano huo si mbaya. Tena majina hayo yana hekima moja ambayo hospitali ziliikosa kwa muda mrefu: yanakubali kwamba maumivu hayo ni ugonjwa. Mwenye chango hutafutiwa dawa. Haambiwi kwamba ndivyo wanawake walivyoumbwa.

Hata hivyo majina hayo ni mapana mno. Chango laweza kuwa minyoo, laweza kuwa maumivu ya baada ya kujifungua, laweza kuwa uvimbe katika mji wa mimba, laweza kuwa ugonjwa unaozungumzwa hapa. Nzoka vivyo hivyo. Jina linalokusanya magonjwa mengi hufaa kwa kumfariji mgonjwa na kumfungulia mlango wa mazungumzo, lakini halimwongozi anayetaka kuchagua dawa.

JINA LA MADAKTARI

Ugonjwa wenyewe ni huu. Ndani ya mji wa mimba kuna utando ambao kila mwezi hunenepa kungoja mimba, na mimba isipotunga hubomoka na kutoka kama damu ya hedhi. Kwa baadhi ya wanawake, utando unaofanana na huo huota mahali pasipo pake: juu ya ovari, nyuma ya mji wa mimba, juu ya utumbo au kibofu, na mara chache hata katika mapafu. Huko nako hufuata amri za homoni kama utando wa ndani unavyozifuata. Hunenepa, huvuja damu, nayo damu haina njia ya kutokea. Mahali hapo huwaka, hupata makovu, na viungo vilivyopaswa kuteleza kila kimoja peke yake hugandamana. Ndipo panapotokea maumivu ya hedhi, ya tendo la ndoa, ya haja kubwa, na kwa wengine ugumu wa kupata mtoto. Shirika la Afya Duniani hukadiria kwamba ugonjwa huu unawapata wanawake na wasichana wapatao milioni 190, yaani karibu mmoja katika kila kumi walio katika umri wa kuzaa.

Karl von Rokitansky wa Vienna alieleza vijinyama vya namna hii mwaka 1860. Lakini aliyeufanya ujulikane ni John Sampson, daktari wa upasuaji wa Albany, katika jimbo la New York. Mwaka 1921 aliandika juu ya vifuko vya ovari vilivyojaa damu nzee yenye rangi ya chokoleti. Mwaka 1927 alitoa rai kwamba baadhi ya damu ya hedhi hurudi nyuma kupitia mirija, ikabeba chembe za utando na kuzipanda nje. Rai hiyo haikutosheleza mambo yote, kwa kuwa kurudi nyuma kwa damu huwapata wanawake wengi ambao hawaugui kamwe. Jina endometriosi ndilo lililobaki. Limejengwa kwa Kigiriki: endo ni ndani, metra ni mji wa mimba, na mwisho wake waonyesha hali ya ugonjwa. Yafaa ieleweke kwamba jina hilo lenyewe halisemi kweli yote. Lasema ndani, hali tatizo liko nje. Istilahi za mataifa makubwa nazo zina makovu yake.

Jina la kitaalamu halikuwaokoa wanawake wote. Katika miaka ya 1940, Joe Meigs wa Boston alieneza fikira kwamba ugonjwa huu huwajia wanawake wa tabaka la juu wanaochelewa kuolewa na kuzaa. Fikira hiyo ilizaa jina la mitaani, ugonjwa wa wanawake wa kazi za ofisini, na pamoja nalo imani kwamba wanawake weusi hawaupati. Mwanamke mweusi mwenye maumivu hayohayo aliambiwa ana maambukizo ya via vya uzazi, ambayo chanzo chake mara nyingi ni magonjwa ya zinaa. Mwaka 1976 Donald Chatman, daktari wa Chicago, alichapisha matokeo ya kuwachunguza wanawake weusi kwa kupenyeza chombo cha kuonea tumboni. Zaidi ya mmoja katika kila watano alikuwa na endometriosi, na wengi wao walikuwa wamepewa jina la maambukizo. Msomaji ayakumbuke hayo anaporejea kwa mama mdogo, aliyetibiwa magonjwa ya zinaa mara tatu. Kati ya Chicago na Mwamapalala kuna bahari na miaka mingi, lakini kosa ni lilelile: mwenye ugonjwa hakudhaniwa kuwa nao, hivyo alipewa jina la ugonjwa mwingine, na pamoja nalo aibu isiyomstahili.

HISTORIA YA TIBA

Neno homoni lilitungwa mwaka 1905 na Ernest Starling wa London, kutokana na kitenzi cha Kigiriki chenye maana ya kuchochea. Madaktari walipong'amua kwamba utando ulioota nje huishi kwa homoni ya estrojeni, walianza kutafuta njia ya kuupunja chakula hicho. Katika miaka ya 1940 walijaribu homoni za kiume. Maumivu yalipungua, lakini wanawake waliota ndevu.

Njia mpya ilipatikana katika viazi vikuu vya mwitu vya Mexico. Humo wanakemia walipata mada ya kutengenezea homoni kwa wingi na kwa bei nafuu, na mwaka 1951 katika mji wa Mexico, Luis Miramontes, akifanya kazi chini ya Carl Djerassi na George Rosenkranz, alitengeneza norethisteroni, mfano wa projesteroni unaoweza kumezwa. Mwaka 1957 kidonge kiitwacho Enovid kiliruhusiwa Marekani. Jambo moja husahauliwa sana: kiliruhusiwa kwanza kwa matatizo ya hedhi, na ilikuwa mwaka 1960 ndipo kiliporuhusiwa kwa kuzuia mimba. Kazi ambayo leo twaiona kama ya pili ndiyo iliyotangulia.

Mwaka 1958 Robert Kistner wa Boston aliandika juu ya kuwatibu wenye endometriosi kwa kuwapa dawa hizo mfululizo kwa miezi mingi bila kupata hedhi. Aliiita hali hiyo mimba ya kuiga, kwa kuwa ilijulikana kwamba wagonjwa wengi hupata nafuu wakiwa waja wazito. Ikaja danazoli, iliyoruhusiwa Marekani mwaka 1976. Ilikuwa na nguvu, lakini nayo iliwaletea wanawake nywele za usoni, na wengine sauti nzito isiyorudi. Baadaye zikaja dawa zinazozuia amri zitokazo katika ubongo kwenda kwenye ovari, ambazo msingi wake ni uvumbuzi wa Andrew Schally na Roger Guillemin, washindi wa Tuzo ya Nobel ya mwaka 1977. Dawa hizo humtia mwanamke katika hali kama ya ukomo wa hedhi. Maumivu hupungua sana, lakini mifupa hupoteza uimara. Ndiyo maana hapo awali zilitolewa kwa miezi 6 tu, na baadaye zikaambatanishwa na kiasi kidogo cha homoni cha kuilinda mifupa. Za karibuni zaidi, za kumeza, ni elagoliksi iliyoruhusiwa Marekani mwaka 2018 na relugoliksi iliyochanganywa na homoni, iliyoruhusiwa kwa ugonjwa huu mwaka 2022.

Pamoja na hizo zote, dawa za kwanza hazikuondoka. Mwongozo wa chama cha Ulaya cha wataalamu wa uzazi wa mwaka 2022 unataja vidonge vya mchanganyiko na dawa za jamii ya projesteroni miongoni mwa tiba za kumpa mgonjwa mwenye maumivu, nao hauhitaji tena kwamba lazima apasuliwe kwanza ndipo aaminiwe. Zimo humo sindano za kila miezi mitatu, vipandikizi, na kitanzi chenye homoni.

Mambo matatu yapaswa kusemwa waziwazi juu ya tiba hizi. Kwanza, haziuondoi ugonjwa. Huulaza. Mgonjwa anapoziacha, mara nyingi maumivu hurudi, na kwa sababu hiyo huhitajiwa kwa miaka, hata baada ya upasuaji. Pili, hazimwongezei mwanamke uwezo wa kupata mtoto. Na wakati anapozitumia, nyingi humzuia asishike mimba. Anayetaka mtoto hupangiwa njia nyingine, naye akiziacha uwezo aliokuwa nao hurudi, ingawa baada ya sindano hukawia miezi kadhaa. Tatu, kila moja ina adha zake: damu ya matone isiyo na mpango, kichwa kuuma, unene, huzuni, sindano ikitumiwa muda mrefu hupunguza uimara wa mifupa, na vidonge vya mchanganyiko havimfai kila mtu, kwa mfano mwenye shinikizo kubwa la damu. Kuchagua na kubadilisha ni kazi ya mgonjwa na daktari wake, na kazi hiyo haifanyiki pasipo maneno.

DAWA ZILIVYOINGIA KATIKA KISWAHILI

Dawa hizi hazikuingia nchini kwetu kwa mlango wa maumivu. Ziliingia kwa mlango wa idadi ya watoto. Mwaka 1959 kilianzishwa Dar es Salaam chama ambacho baadaye kilijulikana kama UMATI, yaani Chama cha Uzazi na Malezi Bora Tanzania. Jina hilo lilichaguliwa kwa busara, kwa kuwa halikutaja kuzuia wala kupunguza, bali ubora wa malezi. Mwaka 1989 ulianza mpango wa taifa wa uzazi wa mpango, na mwaka 1992 ikatoka sera ya idadi ya watu. Katika miaka hiyo ya 1990 nyota ya kijani ilipakwa katika kuta za zahanati kuwa alama ya huduma hiyo. Istilahi uzazi wa mpango ikashinda nyingine zote, ikafika hata vijiji visivyofikwa na gazeti.

Kwa upande wa istilahi, ushindi huo wastahili sifa. Lakini kila ushindi una gharama yake. Vidonge, sindano, vijiti na kitanzi vilipewa ukoo mmoja, na ukoo huo ukawa jina lake. Muuguzi huviandika katika daftari la uzazi wa mpango, mwenye duka la dawa huviuza kwa jina hilo, na pakiti hulichapa. Katika pakiti nyingi za zahanati mna vidonge 21 vya homoni na 7 vya madini ya chuma. Hakuna kati ya vyote 28 kinachojua kwamba kimemezwa kwa ajili ya maumivu.

Hebu tulinganishe na aspirini. Kidonge hicho hutuliza kichwa, hushusha homa, na kwa kiasi kidogo hupewa wagonjwa fulani wa moyo kila siku. Hakuna mume aliyemshuku mkewe mgonjwa wa moyo kwa kumeza dawa ya kichwa, kwa kuwa pakiti yasema aspirini, nayo hutaja kitu, haitaji kazi. Dawa iliyopewa jina la kazi moja hufungwa katika kazi hiyo. Mwanamke anayeichukua kwa kazi nyingine hana budi kueleza na kujitetea, na mara nyingi anayetakiwa ajitetee ndiye mwenye sauti ndogo kuliko wote nyumbani.

UKIMYA UNAOVUNJIKA

Kwa miaka mingi ugonjwa huu haukuwa na sauti katika Afrika Mashariki. Aliyeuvunja ukimya kwetu ni Happiness Millen Magese, Miss Tanzania wa mwaka 2001, ambaye alifanya kazi ya uanamitindo hadi New York. Alisimama mbele ya watu akaeleza maumivu yake tangu usichana, na kupasuliwa tena na tena, kisha akaanzisha taasisi ya kuwaelimisha wasichana. Mwaka 2015 alipewa tuzo ya kimataifa na kituo cha televisheni cha BET kwa kazi hiyo. Nchini Kenya, mtangazaji Njambi Koikai alieleza bila kuficha namna ugonjwa ulivyofika kifuani mwake na kuyafanya mapafu yake yasinyae mara kwa mara, hata akatafuta tiba Marekani. Alifariki Juni 2024, na kifo chake kiliwafanya wengi katika nchi zetu walisikie jina la ugonjwa kwa mara ya kwanza.

Hao wawili walizungumza Kiswahili, lakini ugonjwa walilazimika kuutaja kwa jina la kigeni, kila mtangazaji akilitamka kwa namna yake. Shirika la Afya Duniani husema kwamba kutoka dalili za kwanza hadi mgonjwa kuambiwa jina la ugonjwa wake hupita kwa wastani kati ya miaka 4 na 12. Haiwezekani kwamba lugha haina sehemu yoyote katika miaka hiyo.

MAPENDEKEZO

Yafuatayo ni mapendekezo ya mwandishi, wala hayajasanifiwa. Yametolewa ili yajadiliwe.

Kwanza, jina la ugonjwa liwe endometriosi. Ni kweli kwamba mapokeo yetu hutaka tuanze kutafuta ndani ya Kiswahili, kisha katika lugha nyingine za Kibantu, kabla ya kukopa mbali. Ndivyo tulivyopata ikulu kutoka kwa Wanyamwezi na Wasukuma, na ngeli kutoka kwa Wahaya. Lakini neno la Kibantu hufaa likiwa halina mzigo. Chango na nzoka yana mzigo wa magonjwa mengine, na anayeambiwa na daktari kwamba ana chango atarudi mnadani kununua dawa ya chango. Maneno hayo yatumike katika kuuliza, na neno endometriosi litumike katika kujibu. Maelezo yake yawe: ugonjwa wa utando kama wa mji wa mimba kuota nje ya mji huo.

Pili, katika maelezo hayo isemwe mji wa mimba, wala si kizazi. Neno kizazi lina maana tatu au nne, na mojawapo ni uwezo wenyewe wa kuzaa. Mwanamke anayeambiwa kwamba kizazi chake kina ugonjwa husikia kwamba hatazaa.

Tatu, homoni ibaki homoni. Wako wanaopenda kichocheo, nao kwa asili ya neno wana haki, kwa kuwa ndiyo maana aliyoikusudia Starling. Lakini kichocheo kimekwisha kupewa kazi katika kemia. Kadhalika, tiba hii mara nyingi hutuliza badala ya kuchochea, na ni vigumu kumwambia mgonjwa kwamba unamlaza ugonjwa wake kwa vichocheo.

Nne, pakiti na daftari zitaje kitu kabla ya kazi: vidonge vya homoni, sindano ya homoni, kitanzi chenye homoni. Chini yake ziandikwe kazi, moja moja: kupanga uzazi, kutibu maumivu ya hedhi na endometriosi. Hapa hatumwombi mtu afiche kwamba dawa huzuia mimba. Mume ana haki ya kulijua hilo, na mke ana haki ya kutibiwa. Jina la haki kwa wote wawili ni lile linalosema mambo yote mawili.

Tano, yatafutwe maneno ya kueleza kukoma kwa hedhi wakati wa tiba. Mimba ya kuiga ya Kistner haifai kwetu hata kidogo. Kuzuia hedhi nako kuna hatari, kwa kuwa anayezuia maji huyalimbikiza, na wanawake wengi huogopa kwamba damu isiyotoka inajaa ndani. Sivyo ilivyo: utando hubaki mwembamba, hivyo hakuna kikubwa cha kutoka. Mwandishi apendekeza kupumzisha hedhi. Mkulima hupumzisha shamba, na hakuna jirani anayefikiri kwamba shamba hilo limekufa.

Sita, na hili ndilo kubwa kuliko yote, tutofautishe kuponya, kutuliza na kufubaza. Aliyeahidiwa kupona huacha dawa siku anayojisikia mzima. Lugha yetu ilikwisha kupita njia hii. Ugonjwa mpya ulipoingia Kagera katika miaka ya 1980, watu waliuita Juliana, kwa jina la kitambaa cha magendo, na wengine wakauita silimu. Likaja jina UKIMWI, ambalo lilieleza kilichoharibika mwilini bila kumnyooshea mtu kidole. Dawa zake zilipoenea nchini baada ya mwaka 2004, hazikuitwa dawa za kuponya. Ziliitwa dawa za kufubaza makali ya virusi. Neno moja hilo, kufubaza, lilifundisha vijiji vizima kwamba kuna dawa inayomezwa miaka mingi, ambayo haimalizi ugonjwa lakini hurudisha maisha. Sioni sababu ya kutolitumia tena. Tuseme tiba ya homoni ya kufubaza endometriosi. Isielezwe kwa namna ya kuyachanganya magonjwa hayo mawili. Kinachoazimwa ni kitenzi tu, pamoja na somo lililokwisha kueleweka.

HITIMISHO

Mama mdogo alipelekwa Mwanza miaka sita baada ya vidonge vile kutupwa, akapasuliwa, na ndipo ugonjwa wake ulipoonekana kwa macho. Alipotoka hospitali alipewa karatasi yenye jina ambalo hakuweza kulisoma. Aliniletea mimi, kwa kuwa nyumbani husemwa kwamba mimi kazi yangu ni maneno. Aliniuliza, "Mwanangu, huu kwa Kiswahili unaitwaje?" Sikuwa na jibu. Nilimweleza kwa sentensi nyingi, naye alinisikiliza kwa heshima, kisha akasema kwamba sentensi nyingi hawezi kuzibeba hadi Mwamapalala. Ataulizwa ana nini, naye anataka neno moja.

Leo anatumia tena dawa ya homoni. Mume wake ndiye anayemkumbusha siku ya sindano, baada ya kuelezwa polepole, mara mbili, na mtu aliyekuwa na subira. Mtoto wa pili hakupatikana, na hakuna istilahi itakayomleta. Lakini miaka sita ya maumivu iliyopotea kati ya pakiti ile na kisu cha Mwanza, sehemu yake ni deni letu sisi tunaoketi mezani na kadi za istilahi.

Wasomaji, hasa waganga, wakunga na wauguzi walio vijijini, wanaombwa waandike na kuleta maneno wanayoyasikia kwa wagonjwa wao, hata yale yanayoonekana ya mtaani. Neno lililomo kinywani mwa mgonjwa ndilo hutuonyesha mahali pa kuanzia.